Kilemba Kipya cha Khalifa

Wafu wengine wote walilala chali, kama inavyowapasa wafu. Matyas Dubek peke yake alikuwa amekaa. Walimlaza ubavu juu ya ubao, lakini kukaa kwake hakukumtoka: magoti yamekunjwa hadi kifuani, mgongo umepinda, shingo imeinamia bega, mkono wa kushoto umenyooshwa mbele kama wa mtu anayetaka kupokea kitu. Inspekta Kajetan Moser alimzunguka taratibu, mikono nyuma, pumzi ikimtoka mvuke. Ilikuwa Januari, na chumba cha maiti cha Vienna hakiwashiwi moto kwa ajili ya yeyote.

"Tumejaribu kumnyoosha, Afande," alisema Konstebo Zapletal. "Kakataa katakata. Mbishi mpaka kaburini."

"Hebu funga domo lako. Dada yake yupo."

Barbora Dubek alisimama mlangoni, shuka jeupe kalikunja kalikumbatia kifuani. Alikuwa mfuaji wa nguo za watu, na viganja vyake vilipasuka kwa magadi na maji baridi. Hakuwa analia. Ilionekana alikwisha kulia akamaliza.

"Bwana Inspekta, mimi sitaki makubwa," alisema. "Mkubwa wenu kaandika kwamba kaka yangu kajitosa mferejini. Basi padri naye kasema aliyejiua hana sala, hana kengele, hana nafasi ndani ya ukuta. Kengele ya adhuhuri ikilia wanakuja na mkokoteni, wakamfukie kule nje wanakofukia farasi. Mama yetu yuko ndani ya ukuta, bwana. Nitamwambia mwanawe yuko wapi?"

"Alikuwa na mawazo ya kutaka kufa?"

"Nani hana mawazo katika mji huu? Lakini Jumapili alikuja kwangu akala madonge ya unga sahani mbili, akaomba na mchuzi aongezwe. Mtu anayetaka kufa anaomba mchuzi?"

Moser aliinama. Puani mwa marehemu mlijaa masizi ambayo hata maji ya mfereji hayakuyatoa. Kwenye mkono wa shati palikuwa na matone ya nta. Akalikwangua moja kwa ukucha, akalinusa. Ilikuwa nta ya nyuki, ile ya makanisani na ya majumba ya wakubwa. Wenye shati la namna ile huwasha shahamu ya kondoo. Kisha akaunyanyua mkono wa kulia. Vifundo vya vidole vilichubuka mpaka nyama.

"Ngumi hizo," Zapletal alisema. "Alipigana huyu. Nimesikia yuko mmoja wa mkahawani, Pichler, waligombana hadharani."

"Pichler yuko Linz kwa mkwewe tangu Krismasi," Barbora alidakia. "Halafu Matyas kupigana hakujui. Tangu utoto mimi ndiye niliyekuwa nampigania."

Moser alichomoa kitu kidogo kwenye kidonda kimoja, akakiinulia kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kibanzi cha mti, upande mmoja kimepakwa rangi nyekundu inayong'aa.

"Kaka yako alikuwa akifanya kazi gani, dada?"

"Zamani sataranji. Usicheke, bwana, alikuwa akipata chakula chake mkahawani kwa kucheza sataranji, na hapakuwa na wa kumfunga. Halafu miaka miwili hii kaacha. Akasema kapata kazi ya heshima lakini kaapishwa, hata mimi hawezi kuniambia. Nikadhani kawa jasusi." Alilitazama shuka mikononi mwake. "Ila akawa anakohoa. Kila akirudi kazini anakohoa, na nguo zake zinanuka mishumaa kama za shemasi. Nilizifua mimi, najua."

"Alikueleza ni kwa nini anakohoa?"

"Alisema ni baridi. Sote tuna baridi."

Asubuhi ile Moser alikwisha kumfuata mkubwa wake, na mkubwa wake, akiwa na kitambaa cha chai shingoni, alimjibu kwa ufupi: ukiniletea mtu wa kuapa kwamba alimwona akifa mahali pengine, nitalifuta neno, usiponiletea, nilichoandika nimeandika, na usinirudie na mambo ya masizi. Kengele ya adhuhuri haikuwa mbali. Moser alimwambia Barbora amngoje pale pale, wala asiwaruhusu wenye mkokoteni kumgusa ndugu yake hata wakija mapema.

Nje theluji ilikuwa inayeyuka, na kiatu cha kushoto cha Inspekta kilikuwa kinaingiza maji.

"Wewe Zapletal, umewahi kuona mtu aliyezama akatolewa majini amekaa?"

"La."

"Wala mimi. Kifua chake wamekikamua, hakikutoa maji. Alikufa mahali pakavu, penye moshi, amekaa, tena amekaa kwa kubanwa. Akaachwa hivyo mpaka akakakamaa. Ndipo akatupwa. Na kabla hajafa aligonga mbao kwa mkono mpaka ngozi ikatoka. Sasa nijibu: bingwa wa sataranji, aliyetoweka mkahawani miaka miwili, anayerudi kazini ananuka mishumaa ya nta. Wapi Vienna sataranji huchezwa na mchezaji asionekane?"

Zapletal alicheka. "Labda kwa yule Khalifa wa Wertl, yule mwanasesere wa..."

Kicheko kikamkauka mdomoni.

Hapakuwa na mtoto Vienna asiyemjua Khalifa. Alikuwa sanamu la mtu la mbao, mwenye ndevu, joho na kilemba, ameketi nyuma ya kabati jekundu lenye ubao wa sataranji juu yake. Kila onyesho mwenyewe, Bwana Ignaz Wertl, alilifungua kabati mlango mmoja mmoja, akawaonyesha watu magurudumu ya meno, akafunga. Binti yake akatia ufunguo mkubwa ubavuni, mashine ikanguruma, na sanamu likanyoosha mkono wa kushoto likamfunga yeyote aliyekaa mbele yake. Maprofesa waliandika vitabu juu ya magurudumu yale. Watu wazima na akili zao!

Mara ya mwisho Khalifa alicheza juzi jioni, nyumbani kwa Baroni Trautenegg. Baroni walimkuta anakunywa kahawa ndani ya joho la kulalia, na kabla hawajaketi alikwisha kuanza kujisifu.

"Nimemfunga! Mtu wa kwanza Vienna! Tazameni, nimekataza watumishi wasiuguse ubao."

Ubao ulikuwa mezani, na vipande kila kimoja mahali pake. Moser aliutazama kwa muda. Hakuwa bingwa, lakini macho alikuwa nayo: farasi wa Khalifa angesogea mara moja tu, na mfalme wa Baroni asingekuwa na pa kukimbilia.

"Zamu ilikuwa ya nani, Bwana Mkubwa?"

"Yake. Aliinua mkono, ukasimama angani, basi. Wertl akasema Khalifa anakubali kushindwa."

Zapletal alikohoa kidogo na kutazama dari. Ukimvika mtu kilemba cha ukoka asubuhi, jioni humkuti akikivua mwenyewe.

"Mashine ilikuwa nzima jioni hiyo?" Moser aliuliza.

"Nzima, ila makelele! Yule binti wa Wertl alikuwa anatia ufunguo, anatia ufunguo, mpaka mke wangu akaziba masikio. Ungedhani anasaga kahawa ya jeshi zima."

"Kwani ilikuwa imeishiwa nguvu?"

"Hata! Katoka kuijaza sasa hivi, anaijaza tena. Mkono umekwisha kusimama, yeye bado anazungusha tu." Baroni alipuliza kahawa yake. "Wasichana wa siku hizi. Nikadhani ana wasiwasi kwa sababu ya kilemba."

"Kilemba gani?"

"Mke wangu alimshonea Khalifa kilemba kipya. Cha mahameli, na bitana mbili za hariri. Kile cha zamani kilikuwa kitambaa chepesi cha pamba, kimechujuka, aibu mbele ya wageni. Alimfunga kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu wote, tukapiga makofi. Wertl alijifanya kukataakataa, lakini nani anamkatalia Baronesi?"

"Na mchezo ulipokwisha, mashine iliondolewa?"

"Wertl aliomba aiondoe, tena aliomba kwa kung'ang'ania, karibu tumwone hana adabu. Mke wangu akasema la, Khalifa leo ni mgeni wetu, atakaa nasi mpaka ngoma iishe. Tukala, tukacheza, tukamzunguka. Mimi mwenyewe nilimwinulia glasi." Baroni aliwatazama nyuso. "Kwani vipi? Mnanitazama hivyo kwa nini?"

Moser aliinuka. Aliona afadhali atoke kabla hajamtukana mtu aliyemzidi cheo.

Ukumbi wa Wertl ulikuwa mtaa wa nyuma, juu ya duka la glovu. Mlango ulifungwa kwa komeo; ilibidi Zapletal aupige kwa teke ndipo ukafunguliwa. Wertl alikuwa mtu mrefu, mkavu, nywele kazitia unga asubuhi ile ile kana kwamba hakuna lililotokea. Nyuma yake, karibu na kabati jekundu, alisimama binti yake Rozalia, msichana aliyevimba macho. Khalifa alikuwa ameketi na kilemba chake kipya cha buluu, anatazama mbele kwa macho ya kioo.

"Nakutaka unifungulie milango ya kabati hili," Moser alisema.

"Kwa furaha, Mheshimiwa." Wertl aliufungua mlango wa kwanza, akainua mshumaa nyuma ya magurudumu, kisha akaanza kuufunga ili aende kwenye wa pili.

"Usifunge. Milango yote kwa pamoja."

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Mitambo ni ya hatari, hewa ikipita..."

"Hewa, eti." Moser alimtazama. "Zapletal!"

Zapletal aliing'oa milango iliyobaki kwa ncha ya sime yake. Magurudumu ya meno yalijaza upande mmoja tu. Upande wa pili kulikuwa na kiti kifupi juu ya reli, cha kuteleza huku na huku, ili aliyekaa ajikunje upande huu mlango wa upande ule unapofunguliwa. Mbele ya kiti kulikuwa na ubao mdogo wa sataranji wenye matundu, na pembeni kishikio chenye kipande cha mshumaa wa nta. Ndani ya mlango rangi nyekundu ilikwanguliwa, mbao imebanjuka, na juu yake kulikuwa na alama za damu.

Kutoka kwenye kabati bomba la bati lilipanda kupitia kifua cha sanamu hadi kichwani. Moser alikivua kilemba, akakigeuza. Bitana ilikuwa nyeusi kama sufuria.

"Moshi ulikuwa unatokea hapa," alisema polepole. "Kile cha pamba kiliupitisha, na vinara vyako juu ya kabati vikaificha harufu. Mahameli haipitishi. Alikuwa anavuta moshi wake mwenyewe. Ulimwambia kwamba wamemfunga kilemba kingine?"

"Ningemwambia saa ngapi? Wageni wamekwisha kuketi!" Maneno yalimtoka Wertl kabla hajayakamata. Akameza mate. "Namaanisha... hakuna mtu humu. Zamani alikuwako fundi mmoja mlevi. Alitoka kwa miguu yake. Aliyoyafanya huko mferejini mimi siyajui."

"Nani kataja mfereji?"

Wertl alirudi nyuma hatua moja.

"Sikiliza, Bwana Wertl. Sikushtaki kwa kuua. Hakuna aliyekusudia. Lakini kuna mwanamke anangoja chumba cha maiti, na kengele ikilia kabla sijapata wa kuapa, ndugu yake atafukiwa na mizoga. Niambie alifia humu. Basi."

"Kesho kutwa Khalifa anaitwa Ikulu," Wertl alisema kwa sauti ya chini. "Maisha yangu yote nimengoja mwaliko huo. Mtu mwenyewe amekwisha kufa, Mheshimiwa. Kuzikwa huku au kule kunamwongezea nini?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alimficha hata maiti, na bado hakuona haya. Moser alimpa kisogo. Alimgeukia msichana, akamwonyesha ufunguo mkubwa wa shaba ubavuni mwa kabati.

"Hebu tia ufunguo, binti. Nataka nisikie."

Rozalia hakusogea.

"Tia, Rosl," baba yake alisema. "Waonyeshe inavyolia, waende zao."

Msichana aliunyoosha mkono, ukafika karibu na ufunguo. Akaurudisha kifuani, akaushika kwa mkono wa pili kama mtu aliyeungua.

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?" Moser aliuliza kwa upole.

"Kwa sababu haujazi kitu. Hauna kazi yoyote ila kelele." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto. "Mtu ndani anaweza kupiga chafya, anaweza kukohoa. Akikohoa, mimi nazungusha. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kila nikimfungia mlango alikuwa akinikonyeza, anasema, 'Nikikohoa unifiche, Rosl.' Nami namficha. Hakuna hata siku moja alikohoa watu wakamsikia."

"Rozalia, nyamaza!"

"Juzi alikohoa sana. Nikazungusha. Nikamwona Baba ananitazama, nikazidisha. Halafu akagonga. Hatukuwa na alama ya kugonga, bwana, alama ilikuwa kikohozi tu. Nikasema moyoni, wamesikia, tumeumbuka, nikazungusha kwa nguvu zaidi. Akaita. Nikazungusha. Mkono wa Khalifa ukasimama, nami bado nazungusha, hata Baronesi alikuwa ananicheka." Alipangusa pua kwa kiganja. "Nilipoacha, kulikuwa kimya. Nikafurahi! Nikasema, ahsante Mungu, kanyamaza, hawakumsikia."

Zapletal, mtu wa maneno, alivua kofia yake akaikodolea macho.

"Tukarudi naye hapa alfajiri," Rozalia alisema. "Tulipofungua, hakutoka. Nilimvuta mkono, nikamwambia Matyas, watu wameondoka, toka. Baba akasema mferejini."

"Unajua unachokifanya, wewe mtoto?" Wertl alikuwa ameshika ukingo wa kabati, na unga wa nywele ulimdondokea mabegani. "Unamtia baba yako jela! Na wewe mwenyewe watakuuliza! Watasema ni wewe uliyemwua!"

"Baba, waseme tu. Mimi nishasema."

"Utaapa mbele ya mkubwa wangu?" Moser aliuliza.

"Nipe shali yangu," alijibu, na akaanza kuteremka ngazi kabla hajapewa.

Kengele ya adhuhuri ilikuwa bado haijalia. Mkubwa alisikiliza na kitambaa chake cha chai mkononi. Msichana alirudia yote, neno kwa neno, mkono juu ya Biblia, wala hakujipunguzia. Alipomaliza, mkubwa alichovya kalamu, akalikata lile neno, akaandika jingine juu yake. Wertl alipelekwa chini mahabusu. Rozalia aliambiwa aende nyumbani, ataitwa kwa hakimu. Hakwenda nyumbani. Alimfuata Moser barabarani kama mtu aliyefungwa kamba, naye Moser hakumfukuza.

Kengele ilikuwa inalia walipofika makaburini alasiri ile, lakini sasa ilikuwa inamlilia Dubek. Wachimbaji walikuwa wamelivunja barafu kando ya kaburi la mama yake. Jeneza lilikuwa fupi na pana, kwa kuwa seremala alilazimika kumfuata marehemu alivyo. Barbora alisimama getini na shali nyeusi ya kuazima. Alipomwona Moser alimshika mkono, akaubusu kabla hajaweza kuuvuta.

"Mungu akulipe, bwana. Mungu akulipe wewe na watoto wako." Kisha akamwona msichana. "Huyu nani?"

Moser alikuwa ameandaa maneno, lakini msichana alimwahi. Rozalia akajibu mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyekuwa naye, dada. Nje ya kabati. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele ili asisikike."

Barbora alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu mpaka uso, jinsi anavyotazama nguo yenye doa. Moser alisogea hatua moja, akidhani itabidi awaamue.

"Inspekta alimtuma mtu kuniambia kaka yangu aliita," Barbora alisema. "Hakuniambia alimwita nani. Alimwita mama?"

"Hapana."

"Alimwita Mungu?"

"Hapana, dada." Machozi yalikuwa yanamtiririka Rozalia mpaka shingoni, hakuyafuta. "Aliniita mimi. 'Rosl,' alisema. 'Rosl, Rosl.' Mpaka mwisho."

Padri alikwisha kuanza Kilatini chake kule ndani. Barbora aligeuka kutazama jeneza, akamgeukia msichana tena. Uso wake haukuwa na msamaha, wala Moser hakuwahi kusema baadaye kwamba aliuona hapo msamaha. Lakini mkono wake uliopasuka ulikishika kiwiko cha Rozalia, ukamvuta kupita getini.

"Basi njoo," alisema. "Alikuita. Njoo."